Mkono Unaotafuta: Kung'oa Nywele, Wasiwasi na Aibu

Kila anayeng'oa nywele zake ana mahali pake. Wengine ni juu ya masikio, wengine ni nyusi, wengine ni kope, na wapo wanaume ambao kwao ni ndevu. Pangu ni utosini, upande wa kulia kidogo, kwa sababu ndipo mkono wangu wa kulia unapofika bila taabu. Vidole havichukui unywele wowote tu. Vinatafuta. Vinazipita nywele laini bila kusimama mpaka vikutane na mmoja mnene, mkavu, uliojikunja kuliko wenzake. Hapo vinauzungusha, vinaupima, vinavuta. Panauma kidogo, halafu unakuja utulivu ambao ni vigumu kumweleza mtu asiyewahi kuupata. Baadaye nakitazama kile kimzizi cheupe cha mwishoni, nakipitisha mdomoni, naudondosha unywele, na vidole vinarudi kazini.

Nilianza nikiwa darasa la sita. Sasa ni mtumishi wa umma, nina watoto, asubuhi napanda daladala kwenda ofisini Mtumba, hapa Dodoma, na bado mkono unapanda. Si kama zamani, lakini unapanda. Naandika kwa ajili ya wale ambao wamesoma aya ya kwanza na kujikuta wanashusha mkono, na kwa ajili ya mama zao, wasusi wao na walimu wao. Ninachoamini baada ya miaka yote hii ni kwamba wasiwasi unaweza kuuwasha ugonjwa huu, lakini aibu ndiyo inayoulea. Na aibu hakuna anayezaliwa nayo. Tunapewa na watu, mara nyingi kwa neno moja tu lililosemwa mbele ya wengine.

Jina lake kitaalamu ni trikotilomania. Aliyeupa jina hilo ni daktari wa ngozi wa Ufaransa, François Henri Hallopeau, mwaka 1889, baada ya kumwona kijana aliyekuwa akijing'oa nywele mafungu kwa mafungu. Nautaja mwaka huo kwa sababu nimechoka kuambiwa kwamba haya ni mambo ya kizazi cha simu. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililoanza kutumika Januari 2022, limeuweka pamoja na ugonjwa wa kujichuna ngozi, katika ukoo mmoja na ule unaomlazimisha mtu kunawa mikono mpaka ichubuke au kurudi mara kwa mara kuhakikisha kwamba amefunga mlango. Ni ukoo mmoja, ila ndugu hawafanani. Anayenawa huwa ana wazo linalomtesa, la uchafu au maradhi, na kunawa ndiko kunakompa nafuu. Mimi mara nyingi sina wazo lolote. Nina vidole tu.

Tafiti, nyingi zikiwa za Marekani na Ulaya, zinakadiria mtu 1 hadi 2 katika kila 100. Kwa wengi unaanza wakati wa kubalehe au muda mfupi kabla, kati ya miaka 10 na 13. Wanaofika hospitali wakiwa watu wazima wengi wao ni wanawake, ingawa kwa watoto wadogo wavulana na wasichana hawapishani sana. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 3 katika mkoa wetu wa Dodoma. Chukua makadirio ya chini kabisa, yakate nusu, bado unapata watu kama 15,000 kuanzia Kondoa mpaka Mpwapwa, na kila mmoja amejifungia chooni na kioo akiamini kwamba duniani yuko peke yake.

Mji wetu una kisingizio chake tayari: maji. Nani asiyejua maji ya Dodoma? Yana chumvi, sabuni haitoi povu, birika linaota ukoko mweupe. Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, ofisi zikajaa watu waliotoka Dar es Salaam, na mazungumzo yao ya kwanza yalikuwa upepo, vumbi na maji yanayokata nywele. Mimi mwenyeji nikawa nayaitikia. Mtu akiniuliza, "Dada, nywele zako zimepatwa na nini?" namjibu, "Si haya maji yetu," na hapo maneno yanaisha, kwa sababu kila mtu anayalaumu maji.

Lakini upepo hausikii visingizio. Kuanzia Juni unavuma kutwa, na mwenye upara utosini anashuka stendi ya Sabasaba mkono mmoja umeshika mtandio na mwingine mkoba. Najua pini zipi zinashika na zipi zinateleza. Najua kiti gani cha daladala hakina dirisha lisilofungika. Kanisani nakaa benchi la nyuma kabisa, ukutani, ili pasiwe na mtu wa kukitazama kichwa changu kwa juu tunapopiga magoti. Mtoto wa mwenzangu akinyoosha mikono nimbebe, kabla ya furaha nafikiria kwanza kama atavuta kilemba. Ulinzi wa namna hiyo, kutwa nzima, mwaka baada ya mwaka, ni wasiwasi kamili. Hakuna mtu aliyenitisha. Ni upara wangu mwenyewe ninaoulinda, na nikirudi nyumbani jioni nimekazana mabega kwa ulinzi huo, mkono unapanda kuutafuta pale pale.

Shuleni ilikuwa hadithi nyingine. Kama ilivyo kwa wasichana wa shule nyingi za serikali, tulikuwa tunanyolewa, na watu hudhani hiyo ni dawa. Nywele zikiwa fupi mno kushikika, mkono hautulii. Wangu ulihamia kwenye nyusi. Wakati wa prepo za usiku, mtihani wa taifa ukiwa karibu, nilikuwa nasoma kwa jicho la kulia na kuinamisha kichwa upande wa kushoto, kidole gumba na cha shahada vikifanya kazi yao. Nyusi ya kushoto ikaisha nusu. Matroni akaamini nazinyoa kwa urembo, jambo lililokatazwa, nikapewa adhabu ya kufyeka nyuma ya bweni. Nilifyeka bila kubisha. Kuitwa mtoto anayependa urembo kulikuwa na heshima kuliko kusema ukweli, kwamba nanyofoa mwenyewe na siwezi kuacha.

Nyumbani, mama alikuwa amegundua mapema. Siku moja alisogeza kitanda apige deki, akakuta nyuma yake nywele nyingi, zimekusanyika na vumbi. Msomaji wa hapa hahitaji kuelezwa alichofikiria. Sisi tumelelewa kutoacha nywele zetu ovyo. Ukisukwa unaokota zilizodondoka, unazifunga, unazichoma au unazitupa chooni, maana anayekutakia mabaya anaweza kuzitumia. Mama aliona ama kuna mtu anamchezea mwanawe, ama mwanawe amefanywa achezewe. Alizichoma zote uani, kisha akanipeleka kwa mchungaji nikaombewa. Sina kinyongo naye hata chembe. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa upendo. Ila niliondoka kwenye maombi yale nikiwa nimejifunza jambo moja tu: kwamba nilicho nacho ni cha kuogopwa. Tangu siku hiyo nikawa natupa nywele zangu dirishani, usiku.

Sasa niuseme wasiwasi wenyewe, kwa sababu hapa ndipo watu wema wanapokosea njia. Ukimwambia mtu kwamba unang'oa nywele, atakuuliza, "Una mawazo gani?" kisha atakushauri upunguze mawazo. Ni ushauri wa nusu. Kung'oa kuko kwa namna mbili, na wengi wetu tunazo zote. Kuna ile ambayo mkono huenda wenyewe: nasoma faili, niko foleni benki, natazama tamthilia na watoto, mara natahamaki nywele zimejaa mapajani. Hapo sina hofu ya chochote. Pengine nimechoka, pengine nimekaa mno bila kazi ya mikono. Halafu kuna ile ya kukusudia. Mkuu wa kitengo ameniita bila kusema sababu, ada ya muhula haijatimia, mtoto ana homa na usiku ni mrefu. Kitu kimekaa kifuani hakishuki wala hakipandi, na ninajua kabisa kwamba nikiupata unywele mmoja wa aina ile, kifua kitaachia.

Na kinaachia. Hilo ndilo wasilolijua wanaotushangaa. Kung'oa kunaleta nafuu ya kweli, ya dakika chache, na mwili hushika upesi kile kinachouletea nafuu sasa hivi kuliko onyo la madhara ya kesho. Nikimaliza najitazama kwenye kioo. Upara umepanuka. Nasema moyoni, mtu mzima mwenye akili zake anafanyaje hivi? Kesho nitasukaje, nitafungaje kilemba, nitamjibu nini fulani? Kifua kinaanza kubana upya, na safari hii sababu ni nywele zenyewe. Ni kunywa maji ya chumvi ili kukata kiu.

Wengi wenye ugonjwa huu wana pia ugonjwa wa wasiwasi au sonona, hilo madaktari wanalikuta mara kwa mara. Lakini kama wasiwasi ungekuwa ndio mzizi wote, dawa zinazotuliza wasiwasi zingemaliza kazi. Haziimalizi. Dawa za kundi la fluoxetine, ambazo ndizo hutolewa sana kwa sonona na wasiwasi, zilipojaribiwa kwa wanaong'oa nywele hazikuonyesha matokeo ya kutegemewa kwenye kung'oa kwenyewe, hata pale zilipompa mtu usingizi na utulivu. Kuna kitu kingine mwilini. Mapacha wa kufanana wanauchangia ugonjwa huu zaidi kuliko mapacha wasiofanana, ishara kwamba sehemu yake hurithiwa. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walieleza habari za panya walioharibiwa jeni moja iitwayo Hoxb8: walijing'oa manyoya mpaka vidonda, na wakawang'oa hata wenzao waliokaa nao. Mimi si panya na jeni yangu haijapimwa. Lakini siku niliposoma habari hiyo nililia, kwa sababu panya yule hakuwa na dhambi, hakurogwa, wala hakukosa malezi.

Niongeze pia, maana nimewahi kuulizwa kwa sauti ya chini na mtu aliyekuwa na hofu ya kweli: hapana, hatutaki kujiumiza. Anayeng'oa nywele kwa kawaida hatafuti maumivu wala hatafuti kifo. Anatafuta ule utulivu. Ila mtu anaweza kuwa na jambo hili na bado akawa na majonzi mazito yanayohitaji msaada wa haraka, kwa hiyo kuuliza si vibaya. Ulizeni, ila mkiwa wawili tu.

Nilisema aibu tunapewa. Yangu kubwa nilipewa kwenye kiti cha saluni. Nilikwenda kusuka kwa ajili ya harusi ya ndugu, saluni imejaa, Jumamosi. Msusi alinifumua, akafika utosini, akarudi nyuma hatua moja na kusema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Jamani, huyu ana mapunye!" Wanawake wakageuka. Mmoja akauliza kama kile kitana kilichotumika kwangu kimetumika pia kwake. Nililipa pesa ya kusuka bila kusukwa, nikafunga kitenge kichwani, nikatoka. Harusini sikwenda. Usiku ule niling'oa kuliko usiku wowote ninaoukumbuka.

Kwa wasusi wanaosoma, kuna tofauti ambazo vidole vyenu vinaweza kuzijua. Mapunye ni fangasi: ngozi huwa na magamba, huwasha, na huambukiza, hasa watoto. Nywele zilizokatika kwa kubanwa na rasta nzito huanzia mbele na pembeni, penye kingo. Kuna upara mwingine wa mviringo, laini kabisa kama kiganja, unaokuja ghafla kwa sababu kinga ya mwili imezishambulia nywele zenyewe. Wa kwetu sisi hauna mpaka unaoeleweka. Ukipapasa unakutana na vinywele vya urefu tofauti, vingine vinachoma kidole kwa ufupi, na ngozi chini yake kwa kawaida ni safi. Daktari wa ngozi ndiye wa kusema kwa uhakika. Msusi anachotakiwa kujua ni kwamba huyo aliyekaa mbele yake amejikaza siku nyingi kabla ya kuja.

Msusi niliye naye sasa anasukia nyumbani kwake Nkuhungu, chini ya mwarobaini. Siku ya kwanza nilimwambia kabla hajanifumua, kwa sababu sikutaka tena kushtukiziwa: "Dada, utosini hakuna nywele, nazing'oa mwenyewe." Alinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza, "Njia nikulazie upande gani, ili hizi za huku zifunike?" Basi. Akalaza. Nilipokuwa nimekaa akisuka, mkono wangu ukapanda wenyewe kwenye upande ambao hajafika, naye bila kukatisha hadithi yake akanitupia fungu la rasta mapajani: "Nichambulie hizo, tafadhali." Nikachambua. Nyuzi zile zina ukavu, zina mikunjo, zinavutika, zinaachia. Vidole vilipata vilichotaka, kichwa kikabaki salama. Tangu hapo nina kifungu cha rasta kwenye droo ya ofisini na kingine kando ya kitanda.

Baadaye nilikuja kujua kwamba alichokifanya kiko karibu na tiba yenyewe. Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Nathan Azrin na Gregory Nunn, walichapisha njia ya kubadili mazoea ya aina hii, na hadi leo ndiyo msingi wa tiba inayopendekezwa zaidi. Kwanza unajifunza kuugundua mkono kabla haujafika. Hii ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Mwanasaikolojia aliyenipokea alinipa daftari, nikawa naandika: saa ngapi, nimekaa wapi, mkono gani, nilikuwa nahisi nini, nywele zilikuwa za namna gani. Nilidhani naandika juu ya wasiwasi. Daftari likanionyesha kochi. Nusu ya kung'oa kwangu kulikuwa kwenye kochi moja, kiwiko kikiwa kimeegemea mkono wa kochi, baada ya chakula cha usiku. Tukahamisha kochi, nikawa nakaa kwenye mkeka, sina pa kuegemeza kiwiko. Jambo dogo mno kulieleza kwa mtu aliyeombewa kwa ajili yake, lakini lilipunguza.

Hatua inayofuata ni kuupa mkono kazi isiyoweza kufanyika sambamba na kung'oa. Kukunja ngumi na kuushikilia mkono pajani kwa dakika moja hadi tatu, kukalia viganja, kushika kitu. Hamu haikatazwi; unaiacha ipande mpaka kileleni na ishuke yenyewe, kwa sababu hushuka. Mara ya kwanza kushuhudia kwamba inashuka bila kung'oa, sikuamini. Na njia ile ya 1973 ilikuwa na sehemu ya mtu wa karibu, anayekukumbusha kwa upole na kukusifu mkono ukitulia. Nyumbani kwangu ni mwanangu wa kwanza. Akiona kiwiko kimeinuka anasema, "Mama, chai?" Haulizi kitu kingine. Ile chai mara nyingi hata haichemshwi.

Kuhusu dawa, nitasema kwa ufupi. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa watu wazima 50 waliopewa dawa iitwayo asetilisisteini au kidonge kisicho na dawa kwa wiki 12. Waliopewa asetilisisteini zaidi ya nusu walipata nafuu kubwa, na wale wengine asilimia 16. Utafiti wa watoto uliofuata mwaka 2013 haukuona tofauti hiyo. Ni jambo la kumuuliza daktari. Si la kwenda kuagiza duka la dawa.

Tatizo ni kufika kwa daktari. Sisi wa Dodoma tuna hospitali ya Mirembe, iliyoanzishwa mwaka 1927, hospitali ya taifa ya afya ya akili, na jina lake limekuwa tusi Tanzania nzima. Watoto wanatishiana nalo, wabunge wanarushiana, makonda wanalitumia kwa abiria mbishi. Kwa mtu wa Mwanza au Mtwara, Mirembe ni neno. Kwetu ni geti ambalo jirani anaweza kukuona unaingia. Nilipita nje ya geti lile nikiwa na nia ya kuingia mara kadhaa, nikaenda sokoni badala yake. Nilipoingia, kilichonishangaza ni ukawaida. Benchi, faili, foleni. Mama aliyeleta mtoto mwenye kifafa. Mzee mwenye suti aliyekuwa akisoma gazeti. Kijana aliyenipisha kiti akisema, "Kaa mama, mimi nimekaa sana." Mtaalamu niliyekaa naye mezani hakucheka, hakushtuka, aliniuliza kama huwa nazila nywele. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali la maana kiasi kile.

Swali hilo ndilo lililonifaa wifi yangu aliponipigia simu juu ya mtoto wake wa darasa la saba. "Wifi, mtoto ananitia hofu. Kope zimeisha." Walikuwa wamekwisha kupaka mafuta ya nyonyo, wamekwisha kumfunga mikono kwa soksi usiku, na bibi mmoja wa jirani alikwisha kupendekeza mganga. Nikaenda kwao Chang'ombe. Mtoto akaniamkia, "Shikamoo shangazi," macho chini. Niliomba tuachwe wawili. Sikumwuliza kitu, nilifungua kilemba, nikainamisha kichwa. Alitazama muda mrefu. Kisha akauliza, "Shangazi, na wewe huwa unakiweka mdomoni kile cheupe?" Nikamwambia ndiyo. Akaanza kusema, na alisema mpaka taa zikawashwa: mtihani, baba kurudi usiku, mwalimu wa hesabu anayewachapa kwa kila jibu. Na kwamba za kichwani huwa anazimeza.

Hapo ndipo pasipofaa kusubiri. Nywele hazisagwi tumboni. Anayezimeza kwa muda anaweza kujikusanyia donge linalokaa tumboni na hata kurefuka mpaka kwenye utumbo, na likikua hutolewa kwa upasuaji. Mtoto anayeng'oa nywele na ambaye tumbo linamuuma, anatapika, anashiba upesi, anakonda au amepungukiwa damu, apelekwe hospitali, na daktari aambiwe wazi kwamba anameza nywele, la sivyo hatalitafuta. Wa kwetu alipigwa picha ya tumbo na akakutwa salama. Soksi zilitolewa mikononi siku hiyo hiyo, na wifi alikubali kuacha kusema "acha!" Sasa anampa mchele wa kuchambua wakiwa wamekaa pamoja jioni, na mwalimu wa hesabu ameendewa na kaka yangu.

Kama wewe unasoma haya na unataka kwenda, huhitaji kuanzia Mirembe. Hospitali ya rufaa ya mkoa wako ina huduma ya afya ya akili, na kituo cha afya kinaweza kukuandikia rufaa. Pale dirishani usiseme nywele zinakatika, maana utapewa mafuta na kurudishwa nyumbani. Sema hivi: "Nang'oa nywele zangu mwenyewe, nimejaribu kuacha nimeshindwa, naomba kuonana na mtu wa afya ya akili." Ukishindwa kuitamka, iandike kwenye karatasi uisukume mbele yake. Nenda bila kusuka, ili waone. Na ukiweza mchukue mtu mmoja, yule ambaye akiona kiwiko kimeinuka atakuuliza habari za chai.